Wifi, usimwambie mnakuja kula chipsi

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikaurudia. Umesema jino la nyuma la kijana wetu limetoboka, usiku anashika shavu na kulalamika, na Jumatatu unamleta mjini. Hilo la kumleta nimelifurahia sana. Kilichonikalisha niandike ni maneno yako ya mwisho: kwamba yeye anajua mnakuja Dodoma kula chipsi, na atakapozinduka atakuwa ameshafika kwa daktari. Naandika wazi, bila kukutaja wala kumtaja mtoto, kwa sababu mpango huo si wako peke yako. Hapa mjini Dodoma nimeusikia mtaa wa Chang'ombe, nimeusikia Nkuhungu, nimeusikia hata kwa watumishi waliohamia huku na wizara zao.

Kwanza la haraka. Kabla ya Jumatatu, kama shavu litavimba, akapata homa, akashindwa kumeza au kufungua mdomo vizuri, usingoje siku uliyopanga. Mpeleke kituo cha afya cha karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino ukisambaa ni ugonjwa mkubwa kwa mtoto. Maumivu ya kawaida mtulize na panado ya maji kwa kipimo cha umri na uzito wake. Kwenye tundu usimwekee tumbaku, wala mafuta ya taa, wala kidonge kilichosagwa. Vinaunguza fizi na jino linabaki vilevile.

Sasa nirudi kwenye chipsi. Mtoto wa miaka minne anakumbuka. Atakumbuka kwamba ahadi ya chipsi iligeuka kiti kirefu, taa ya machoni na mtu mgeni mwenye barakoa anayemwambia afungue mdomo. Na hatamchukia daktari peke yake. Siku nyingine ukimwambia mnakwenda soko la Majengo ataanza kulia mlangoni, kwa kuwa neno lako litakuwa limeshapoteza uzito. Huyu bado ana miaka mingi ya kwenda kwa daktari wa meno, na kila safari itabeba kumbukumbu ya hii ya kwanza. Ndiyo maana nakusihi iwe ya kweli.

Hofu ya daktari, wifi, watoto wetu hawazaliwi nayo. Tunawafundisha sisi. "Ukilia nitakupeleka hospitali udungwe sindano." "Kula, la sivyo daktari atakung'oa meno." Bibi anasimulia jinsi alivyong'olewa jino zamani akiwa ameshikwa na wanaume wawili, na mtoto yuko pale pale chini ya meza, anasikiliza kila neno. Halafu siku ikifika tunashangaa kwa nini anapiga mayowe kuanzia getini. Naomba kuanzia leo nyumbani kwako jina la daktari lisitumike tena kama fimbo. Na huyo dada yake mkubwa anayempigia hadithi za koleo, mkalishe chini umwambie aache.

Utamwambia nini basi? Mwambie ukweli ulio saizi yake. Jumapili, siyo wiki nzima kabla, kwa sababu mtoto mdogo ukimpa siku nyingi za kuwaza anajaza mwenyewe mambo ya kutisha. Mwambie: "Kesho tunakwenda kwa daktari wa meno. Atahesabu meno yako kwa kioo kidogo, ataliangalia hili linalouma, kisha atalitibu. Nitakuwa pamoja nawe." Inatosha. Akiuliza kama itauma, usimjibu "haiumi hata kidogo", maana hulijui hilo, na ikiuma utakuwa umesema uongo mwingine. Mjibu hivi: "Ukisikia chochote, inua mkono, daktari atasimama." Maneno sindano, kung'oa na damu yaache kwa daktari, wao wana namna yao ya kuyasema na vitendo vyao vya kuyafuatisha.

Fanyeni pia mazoezi. Mlaze mapajani mwako kichwa kikielekea kifuani kwako, washa tochi ya simu, mwambie afungue mdomo, hesabu meno kwa sauti. Yakiota yote ya utoto yanakuwa ishirini, kumi juu na kumi chini. Mpe naye kijiko ahesabu ya kwako. Mtoto aliyehesabiwa meno kwa mama yake akiwa anacheka, akifika kwenye kile kiti anaijua kazi.

Najua mama mkwe amekuambia usijisumbue, meno ya utoto yataanguka yenyewe. Ni kweli yataanguka, ila si yote kwa wakati mmoja. Ya mbele huanza kutoka akiwa na miaka sita hivi. Magego ya utoto, na hilo lililotoboka ni mojawapo, hukaa mpaka miaka kumi, hata kumi na miwili. Mwanetu ana minne. Hesabu mwenyewe angelala na maumivu hayo miaka mingapi. Tena gego la utoto ni kama abiria anayemwekea mwenzake siti kwenye basi: likiondoka mapema, majirani wanasogea na lile la ukubwani likija linakuta pamebanwa, linaota upande. Na usaha ukikaa kwenye mizizi yake muda mrefu, unaweza kulidhuru jino la ukubwani linalojengeka chini yake.

Kwa hiyo Jumatatu usiingie na neno "ling'oe" mdomoni. Uliza kwanza kama linaweza kuokolewa. Hapa nina jambo linalonipa fahari. Ipo njia ya kuziba meno bila mashine inayopiga kelele: daktari anakwangua sehemu iliyooza na laini kwa vifaa vya mkono, kisha anajaza tundu kwa dawa inayoganda na kushika kwenye jino, ambayo pia hutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino. Mara nyingi haihitaji hata ganzi. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa kuwafikiria watu walio mbali na umeme na mashine, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Leo hata watoto wa mataifa tajiri wanatibiwa hivyo, na sababu mojawapo ni kwamba haiwatishi. Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha (silva) na floraidi inayopakwa kwenye tundu kuzuia uozo usiendelee. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi, lakini kwa gego la nyuma nani ataliona? Mwaka 2021 dawa hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Kama tundu limeshafika kwenye mshipa, au usaha umeshaanza, huenda njia hizi zisifae na kung'oa kukawa ndiyo tiba sahihi. Daktari akisema hivyo baada ya kutazama, mkubalie. Ila aseme baada ya kutazama.

Daktari anayewajua watoto utamtambua mapema. Anamwambia mtoto atakachofanya, anamwonyesha kifaa, pengine anakigusisha kwenye kucha yake kwanza, ndipo anafanya. Kusema, kuonyesha, kutenda, kwa kila hatua. Anamsifia kwa jambo mahsusi: "umefungua mdomo vizuri", siyo "wewe si mtoto" wala "mwanaume halii". Wewe kazi yako ni kukaa karibu na kushika mkono au mguu, na kunyamaza. Nyote wawili mkiongea kwa pamoja mtoto hajui amsikilize nani. Uso wako nao utulie, kwa sababu atakuwa anakuangalia wewe kujua kama kuna hatari.

Kuna kituo kimoja niliona mtoto akishikwa na watu watatu, mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa, kwa jino ambalo halikuwa na dharura yoyote. Mpaka leo sauti ile ninayo. Kama si dharura na mtoto amekataa katakata, omba mrudi siku nyingine. Kuhesabu meno tu na kutoka salama ni kazi iliyofanyika. Tundu litazibwa safari ijayo. Kama ni dharura, muulize daktari kuhusu dawa za kumtuliza au kumlaza, na hilo hufanywa hospitali yenye wataalamu wa usingizi.

Sasa la mdogo wake. Ulilisema harakaharaka mwishoni, lakini ndilo lililonitoa jasho. Umesema jirani amemwangalia fizi, ameona uvimbe mweupe, na anasema kuharisha na homa vinatokana na "meno ya plastiki", aitwe mtu wa kuyatoa. Wifi, nakuomba kwa jina la kaka yangu, usikubali. Ule uvimbe ni kichonge cha kawaida, lile jino lenye ncha, kinachojengeka ndani ya fizi. Kila mtoto anacho, na mwenye afya na mgonjwa. Imani hii ipo nchini tangu miaka ya 1980, na huku kwetu Dodoma imeshika mizizi kweli. Wanachimba fizi kwa kisu, kwa wembe, kwa spoku ya baiskeli, wanatoa kijino laini ambacho bado hakijakomaa, wanamwonyesha mama: "unaona, plastiki." Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na akikua kichonge cha ukubwani kinaweza kuota kimeharibika au kisiote kabisa. Na kuharisha kunaendelea, kwa sababu chanzo chake ni maji au chakula au ugonjwa mwingine. Mtoto wa miezi saba anayeharisha anahitaji kunyonya zaidi, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari (ORS) inayochanganywa na maji, vidonge vya zinki, na kuonwa kituoni leo, siyo Jumatatu. Jirani usigombane naye. Mwambie tu shangazi yao amekataa. Lawama nitabeba mimi.

Akishapona, mdogo naye awe anaonwa na daktari wa meno. Inashauriwa mtoto aangaliwe mara ya kwanza jino la kwanza linapoota, au kabla hajatimiza mwaka. Kwa mtoto mchanga mambo ni mepesi: wewe na daktari mnakaa mkitazamana, magoti yamegusana, mtoto anakaa akikutazama wewe kisha analazwa chali kichwa kikiwa mapajani mwa daktari. Dakika chache, kilio kidogo, basi. Na anakua akijua kwamba kwa daktari wa meno watu huenda hata pasipouma.

Nyumbani, mswaki mara mbili, na ule wa usiku ndio usiokosa. Msugue wewe mwenyewe. Mtoto hawezi kusugua vizuri peke yake mpaka miaka saba au minane. Dawa ya meno iwe yenye floraidi: kwa mdogo, meno yakiota, kiasi cha punje ya mchele, na kwa mwenye zaidi ya miaka mitatu kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Najua kwenu Singida ulikokulia kuna maji yenye floraidi nyingi mno, na wewe mwenyewe meno yako yana ile rangi ya kahawia uliyochekewa shuleni. Haikuwa uchafu, ilitokana na floraidi hiyo, na wala mchanga au mkaa usingeitoa. Mwambie daktari watoto wanakunywa maji ya wapi, akushauri kuhusu dawa ya meno, na magadi kwenye mlenda yapunguze, maana nayo huwa na floraidi.

Sukari sitakuhubiria sana. Ila ubuyu wa rangi ule wa vipakiti, anaoumung'unya tangu asubuhi hadi jioni, una sukari na ukali wa asidi kwa pamoja. Ni bora ale wote mara moja baada ya chakula, anywe maji, kuliko punje moja moja kutwa nzima, kwa sababu kila punje inayaanzishia meno upya muda wa kushambuliwa. Karanga na maziwa vipo tele huko Bahi mnakoishi.

Njoo Jumapili mchana, mlale kwangu, ili asubuhi awe ameamka vizuri na kunywa uji. Tutawahi General, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma; wakitupa rufaa tutakwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, kote kuna huduma ya meno. Lete kadi zao za kliniki wote wawili, maana walio chini ya miaka mitano wanasamehewa gharama kwenye vituo vya serikali na dirishani wataulizia umri. Kama kutakuwa na cha kununua nje, kaka yangu ameshasema atatuma. Chipsi tutampa, lakini mwambie leo kwamba ni baada ya daktari, na kama atapigwa ganzi tutangoja mdomo uamke kwanza asije akajing'ata shavu.

Wifi yako,
shangazi yao