Malalamiko: tiketi ya mama ya New York na zile saa 7 mlizoandika

Kwenu ofisi ya tiketi,

Mimi ni mteja wenu, tiketi ya mamangu nilikata kwenu hapo tao mwezi wa kwanza, Nairobi hadi New York moja kwa moja bila kushuka popote, na nimepiga simu mara tatu sijapata mtu wa kunisikiza ndio nimeamua niandike.

Kwa websaiti yenu na kwa ile karatasi mlinipea, muda wa safari mmeandika saa 7. Ni kama saa 15! Mmechukua saa ya kutoka, tano na nusu usiku ya hapa, na ya kufika, kumi na mbili na nusu asubuhi ya kule, mkatoa hesabu basi, na wakati huu wa baridi New York iko nyuma yetu saa 8. Hata kama hayo ya saa yanachanganya, kutoka hapa mpaka huko ni karibu kilomita 11,800 na ndege ya abiria inaenda kama 900 kwa saa, hebu gawanyeni.

Mama ana miaka 68 na ana sukari. Tulipanga dawa za saa 7 kwa sababu nyinyi ndio mlisema saa 7, vidonge viwili akavifunga kwa pembe ya leso, zingine zote zikaingia kwa begi kubwa linalopakiwa chini. Ananiambia saa ya saba ilipofika alivaa viatu, akakunja leso, akauliza mhudumu mbona hatushuki, akaonyeshwa ramani kwa skrini, hata Atlantiki walikuwa hawajaanza kuvuka. Saa zingine 8 akakaa bila dawa, miguu imevimba. Na mimi huku Umoja saa moja asubuhi nampigia dada yangu kwa ukali mbona hajaenda kumpokea mama, kumbe kule ni saa tano usiku, nimemtoa kitandani.

Kijana wenu wa simu akaniambia kwani saa zote mbili, ya kutoka na ya kufika, haziko kwa tiketi? Ziko, lakini mgonjwa anapangiwa dawa kwa muda wa safari, na huo mliuandika nyinyi.

Sasa mama anarudi wiki ijayo na kurudi bado mmeandika saa 22. Kosa ni lile lile limegeuka, kurudi ni kama 14, ni fupi kidogo kuliko kwenda kwa vile upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi unaisukuma ndege. Sitaki apimiwe dawa kwa hesabu mbaya mara ya pili.

Rekebisheni hizo namba leo, kuna wazee wengine wanasafiri kwa karatasi zenu. Pili mumpigie mama mwenyewe mumuombe msamaha, sio mimi. Namba yake ya kule mnayo kwa fomu, pigeni kuanzia saa kumi jioni ya hapa, saa hiyo kule atakuwa ameamka.