Sindano za makovu ya chunusi si za kujichoma nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wanaonunua vifaa vya sindano ili wajitibu makovu ya chunusi wenyewe. Tiba yenyewe si uzushi: sindano nyembamba sana hutoboa ngozi kwa kina cha takriban milimita 0.5 hadi 2.5, na mwili, katika kuponya vitundu hivyo, hutengeneza kolajeni mpya (protini inayoipa ngozi uimara) inayoinua mabonde ya kovu kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kwa wenye ngozi nyeusi, ambao matibabu ya leza huweza kuwaachia madoa, njia hii kwa kawaida ina hatari ndogo zaidi, jambo ambalo kwangu ni faraja kubwa.

Lakini makovu hayafanani. Yaliyo mapana na yenye mteremko huitikia vizuri. Yaliyo membamba na yenye kina kirefu, kama tundu la msumari, huitikia kwa shida na mara nyingi huhitaji tindikali maalumu au upasuaji mdogo. Yanayovutwa na nyuzi za chini ya ngozi hukatiwa nyuzi hizo kwa sindano nene zaidi, kazi ambayo asiyejua mishipa ya uso ilipo hapaswi kuigusa kamwe. Tena, kutoboa chunusi ambazo bado zimevimba huweza kueneza maambukizi, na mwenye mwelekeo wa kuota keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe) anaweza kuongezewa makovu.

Nawasihi madaktari wa ngozi wawaeleze wagonjwa mapema kwamba vikao kadhaa huhitajika, na kwamba kovu hupungua lakini halifutiki lote.

Msomaji wako