Stepla ndani ya jeli

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu vichekesho vya runinga iliwasema sana Wamarekani, eti wakigusa kichekesho cha Mwingereza kinachacha. Mfano uliotolewa ni The Office, kichekesho cha Waingereza cha maisha ya ofisini ambacho Wamarekani walikitengeneza upya. Kwa maoni yangu mwandishi ameshika kisu kwenye makali. Wamarekani waliboronga pale walipoiga kwa utiifu. Walipoacha kuiga, mambo yakanyooka.

Ile ya Uingereza ilianza BBC mwaka 2001, ikiandikwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant. Ni ofisi ya kampuni ya karatasi mjini Slough, na meneja wake, David Brent, anajiona bingwa wa utani ilhali wafanyakazi wanatazama sakafu. Iliisha 2003 ikiwa na vipindi 14 tu. NBC, kituo cha runinga cha Marekani, walipoanza yao Machi 2005, kipindi cha kwanza kilifuata skripti ya Slough karibu neno kwa neno. Mji ukawa Scranton wa Marekani, majina yakabadilishwa, basi. Hata ule utani wa kuchukua stepla ya mwenzako na kuigandisha ndani ya jeli ulihamishwa mzimamzima. Kwangu ilikuwa kama mtu kukusimulia kisa ulichomsimulia wewe mwenyewe jana.

Tatizo halikuwa lugha, maana wote ni Kiingereza. Brent unamwonea aibu mpaka unataka kuzima runinga, lakini aibu hiyo inabebeka kwa kuwa msimu una vipindi sita. Mmarekani hutengeneza ishirini na zaidi kwa mwaka. Nani atamkaribisha sebuleni kwake mtu wa kukera namna ile, wiki baada ya wiki?

Greg Daniels, aliyesimamia toleo la Marekani, alilitatua hilo msimu wa pili. Michael Scott, anayeigizwa na Steve Carell, alibaki mpumbavu vilevile, ila akapewa kitu ambacho Brent hakuwa nacho. Kuna kipindi anampeleka mteja mgahawani pamoja na bosi wake wa kike. Michael anapiga soga na mizaha hadi usiku, bosi amekata tamaa kabisa, halafu mteja anakubali mkataba! Kumbe jamaa anajua kuuza karatasi. Ukishaliona hilo, unamvumilia. Tamthilia ikaenda misimu 9, vipindi 201.

Wajerumani nao, katika Stromberg ya 2004, waliacha karatasi wakaingia kwenye ofisi ya bima. NBC hiyohiyo ilichukua Coupling, kichekesho kingine cha Waingereza, mwaka 2003, ikang'ang'ania skripti za wenyewe, na ikaiondoa hewani baada ya vipindi vinne.

Nakubali, si kila kitu kinahitaji kutengenezwa upya. TBC ilipoonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, tamthilia ya Wachina iliyotiwa sauti za Kiswahili, watu walikaa wakatazama, kwa sababu vituko vya mama mkwe havihitaji kuelezwa. Ofisi ni habari nyingine. Kila nchi ina namna yake ya kumwogopa bosi, na namna yake ya kumsengenya.

Kwa hiyo kituo chetu chochote kikinunua haki za kichekesho cha aina hii, naomba kisikimbilie mtafsiri. Kimtafute mwandishi aliyewahi kukaa mapokezi akijibu "bosi yuko kwenye kikao" huku bosi anakunywa chai chumba cha pili.

Mjomba wangu, karani mstaafu wa bandari, nilimwonyesha kile kipindi cha kwanza cha Marekani. Alitazama mpaka mwisho bila kucheka, kisha akauliza kwa nini huyo mwenye stepla hakwenda kuchukua nyingine stoo.

Msomaji wenu,
Tanga