Shukrani kwa waliotufaa katika msiba wa mama yetu, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum ndugu, jamaa, majirani na marafiki.

Arobaini ya mama yetu imeshasomwa na turubai limeshushwa. Sisi watoto wake, wakwe na wajukuu tunarudi kwenu kusema ahsante. Tulitamani kumshukuru kila mmoja kwa jina lake, tukashindwa, maana hata walioleta kuni hatukuwajua wote.

Kwa zaidi ya miaka 40 Mama aliamka saa 9 usiku kupika vitumbua vya kuuza. Mchele umelowekwa tangu mchana, unga umeumuka chini ya khanga kuukuu, na adhana ya alfajiri humkuta kikaango kimeshapata moto. Kazi ile aliianza kwa dhiki. Kamba za nailoni zilipoangusha bei ya mkonge, shamba alilofanya kazi baba lilipunguza watu, naye akarudi nyumbani na baiskeli na blanketi. Mama hakulalamika sana (kidogo alilalamika, tusimsingizie), akauza bangili zake akanunua kikaango cha chuma cha mashimo 7. Kikaango hicho ndicho kilichotusomesha sisi 6, na watatu wa marehemu dada yake.

Hakujua kuandika. Waliokopa vitumbua aliwachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, kila mtu na alama yake: kuli wa bandarini nanga, fundi baiskeli duara mbili, mwalimu mstari wenye mkia. Siku ya maziko lilipotolewa tangazo kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, hakutokea mtu. Waliokuja ni wadaiwa. Kijana mmoja alimvuta kaka yetu pembeni, akamtia mkononi shilingi 3,000 zilizokunjwa ndogo kabisa. "Za vitumbua vya Ramadhani," akasema, akaondoka hatujamuuliza hata jina. Hadi tunaanua matanga walikuwa wamefika 11. Alama zilizobaki ukutani hakuna kati yetu anayejua kuzisoma, kwa hiyo yeyote ambaye bado, familia imemsamehe. Ukuta wenyewe hatujaupaka chokaa.

Tunawashukuru wauguzi waliomgeuza kitandani usiku kucha bila kununa. Kina mama waliomwosha na kumkafini. Vijana waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Masheikh na walimu wa madrasa waliosimamia swala na khitma. Na wote mliotoa ubani, wa noti na wa sarafu. Ndugu wa Pangani na Muheza mlifika mapema. Wa Pemba mlivuka bahari, wa Mombasa mkapita mpaka wa Horohoro usiku ili muwahi kumzika. Na jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyegombana na Mama miaka na miaka juu ya majani ya mwembe, ndiye wa kwanza kutuletea ndoo za maji, na ndiye aliyelia kuliko sisi.

Tuliyemkosea katika pilikapilika zile, au aliyekosa sahani ya pilau, atuwie radhi.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na amlaze Mama mahali pema peponi. Amin.

Zimebaki kwetu sufuria mbili kubwa na mwiko, zina alama ya rangi nyekundu chini. Mwenyewe aje saa yoyote, apitie mlango wa uani.

Familia ya marehemu