Vitabu vya shangazi sikuviiba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, na watu wasome. Kwanza hongera kwa duka la marashi. Nilipita Old Kampala nikaliona, chupa zimepangika zikapendeza. Marehemu shangazi angetamba nalo mtaa mzima.

Ila lile la kunifanya mwizi wa vitabu siku ya hitima ya shangazi halijanitoka. Ulinyakua mkoba wangu ukaukung'uta juu ya mkeka, wakwe zangu wamekaa, sinia za pilau bado hazijaondolewa. Kitabu cha marashi cha Piesse, kimojawapo cha vile vya shangazi, kikaanguka kifudifudi, jalada likabanduka. Ukasema, "Mnaona? Hata udongo haujakauka." Kwangu mimi, niliyekubeba mgongoni Bombo nzima mama akiwa sokoni!

Sasa nikwambie kama dada. Kitabu cha marashi cha zamani usikifuate kibubusa. Piesse alikichapisha London mwaka 1855. Harufu kazipanga kama noti za muziki, raha kusoma, lakini anapima kwa painti, na painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Asumini anaitandaza juu ya kioo kilichopakwa mafuta mazito, maua yakichoka unaweka mengine, siku baada ya siku, mpaka mafuta yashibe harufu. Mafuta yenyewe? Ya nguruwe! Shangazi alilikata neno kwa penseli, pembeni akaandika "ng'ombe", kwa zile herufi zake za kulala. Wewe na haraka zako ungeliona? Ungeshawapaka maharusi wa Kibuli.

Mafuta ya bergamot nayo, lile tunda la jamii ya machungwa, ukijipaka shingoni kisha ukapigwa na jua, yanakuachia madoa meusi. Piesse hakuonyi. Kile kitabu kingine cha marashi, cha Poucher wa 1923, kimejaa miski zilizotengenezwa maabara, na mojawapo, musk ambrette, Ulaya wameshaipiga marufuku.

Ndiyo maana niliviondoa vitabu sandukuni kabla ya mgao. Na shangazi alipolala kitandani akiumwa, nani alikuwa akimsomea kurasa hizo usiku? Wewe ulikuwa Dubai, unatutumia picha za maghorofa. Sikulaumu, ulikuwa unatafuta.

Halafu lile daftari lake, alimogeuza painti zote kuwa vikombe vya kahawa? Liliondoka ndani ya begi la mwanao. Niliona, nikanyamaza. Bila daftari vitabu vyangu havinisaidii, na bila vitabu wewe unapima usichokijua. Nipigie picha kurasa za asumini, unitumie kwa WhatsApp. Za udi kaa nazo.