Kabla Lori Halijafika

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sote wazima, kazi zinakwenda. Ujumbe wako nimeupata, na habari ya nyumba mpya imenifurahisha kweli. Ila umemalizia kwa kusema kuwa lori limepangwa Jumamosi ya wiki ijayo na kwamba vyombo vya umeme mtavichomoa asubuhi hiyohiyo. Hapo nikaona nikuandikie barua nzima, maana kwenye simu ungeniitikia “sawa, sawa” kisha ukafanya vilevile ulivyokuwa umepanga.

Kazi yangu unaijua. Chombo kikianguka kikapasuka, mara nyingi hakifiki kwangu; mwenyewe anakiona, anasikitika, yanakwisha. Vinavyoletwa karakana ni vile vilivyoshuka kwenye lori vikiwa vizima, havina hata mkwaruzo, vikawashwa, na baada ya siku chache vikaanza kunguruma, kurukaruka au kunyamaza kabisa. Humo ndani mna mafuta, gesi, maji na springi, vitu vilivyozoea kukaa mahali pake chombo kikiwa kimesimama na kimetulia. Kwa hiyo ukizunguka nyumbani mwako, usianze kwa kuuliza kipi ni kizito au kipi kilinunuliwa ghali. Uliza ndani yake kuna nini kinachotiririka, na kuna nini kinachoning’inia. Ukishalijua hilo, utaona mwenyewe kwa nini Jumamosi asubuhi ni kuchelewa.

Friji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Izime Alhamisi jioni, ikiwa tupu, na barafu iachwe iyeyuke yenyewe, mlango ukiwa wazi na matambara yametandikwa sakafuni. Usimruhusu mtu kuikwangua kwa kisu. Kwenye kuta za frizi hupita mirija ya gesi, na kisu kikiteleza mara moja tu umeshapoteza friji. Tena angalia kibandiko cha nyuma: kikiandikwa R600a, gesi iliyomo ni isobyuteni, jamaa wa gesi ya kupikia, nayo hushika moto. Ni kidogo sana, kwa friji ya nyumbani kwa kawaida haizidi gramu 150, na ikiwa ndani ya mirija haina neno. Mrija ukitoboka ndipo hutataka kibiriti kiwe karibu.

Barafu ikiisha, toa rafu na droo zote uzifunge peke yake. Halafu geukia nyuma, chini kabisa, karibu na kompresa, ile pampu ya gesi: kuna kitrei ambamo maji ya barafu huishia. Watu wengi wanaishi na friji miaka kumi bila kujua kama kipo. Usipokimwaga wewe, kitajimwaga chenyewe ndani ya lori, na kwa bahati yako godoro litakuwa chini yake. Kausha kila pembe, kisha funga mlango kwa kamba au mkanda wa kitambaa. Selotepu kali hubandua rangi, tena huacha gundi ambayo utahangaika nayo.

Sasa, wabebaji watakuambia friji ilazwe, nafasi ipatikane. Kataa. Ndani ya kompresa mna mafuta ya kuilainisha, na yanatulia chini kwa sababu friji imesimama. Ikilazwa, mafuta hutambaa na kuingia kwenye mirija ya gesi. Ukiiwasha wakati huo, kompresa huzunguka ikiwa na upungufu wa mafuta, au hulazimika kusukuma kioevu ilhali imeundwa kusukuma gesi. Ndiyo maana tunasema friji “ipumzike” kabla ya kuwashwa. Iliyosafiri wima, saa nne hivi zinatosha. Iliyolazwa kwa kukosa njia, isimamishe kwa muda usiopungua ule iliolala. Mimi huwaambia watu saa 24, wasije wakaanza kubishana na hesabu. Na hata ikishawashwa, chakula kisubiri mpaka ndani pawe pamepoa sawasawa. Kama haitawashwa siku hiyo, mlango uachwe na upenyo mdogo wa hewa, lakini ufungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuufungua akaingia. Hilo la mtoto silisemi kwa kutisha, nalisema kwa sababu wako wadogo na nyumba ngeni huwafanya watafute pa kujificha.

Mashine ya kufulia ni kisa kingine. Ile yako inayofunguliwa kwa mbele, lile pipa lake halijakazwa popote. Limening’inizwa kwa springi, na limefungiwa uzito mkubwa, mara nyingi kipande cha zege. Ndiyo, zege hasa, ili mashine isirukeruke inapokamua. Gari likipita kwenye mashimo, zege na pipa hubembea kwa pamoja na kugonga kuta za mashine. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na bolti ndefu nyuma yake, kwa kawaida tatu au nne, zilizolikaza pipa lisicheze. Fundi alizitoa siku ya kwanza na kuziba matundu kwa vifuniko vya plastiki. Bolti hizo ziko wapi? Akiba haiozi, wanasema, na kama ziko kwenye kile kikopo cha misumari nyumbani kwako, leo ndiyo siku yake. Kama zimepotea, chukua namba ya modeli kwenye kibandiko uende kwa wauza vipuri wiki hii, usingoje Ijumaa.

Kabla ya kuzikaza, funga bomba la maji, fungua mipira yote miwili, wa kuingiza na wa kutoa, uinamishe ncha zake ndani ya ndoo. Kisha fungua kile kichujio cha chini, mbele, upande wa kulia au kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo utainama kweli, maana maji yanayobaki kwenye pampu si haba. Utakuta pia sarafu, vifungo, na ile pete ya nywele ya binti yako iliyozua ugomvi. Ukifika nyumba mpya, bolti zitolewe kabla ya kuwasha. Ukikamua nguo bolti zikiwa bado zimekazwa, mashine itatembea sakafuni mpaka mlangoni, na baada ya hapo tutaonana karakana.

Jiko la gesi halina makuu, mtungi ndio wenye mambo. Funga valvu, vua regulata, na mtungi usafiri wima siku zote. Ndani yake gesi imekaa kama kioevu chini, na juu ni mvuke; valvu ya usalama imewekwa kule juu ili itoe mvuke. Ukiulaza, kitakachotoka ni kioevu, nacho hupanuka takriban mara 250 kinapogeuka kuwa gesi. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hujikusanya sakafuni, kwa hiyo usiuweke ndani ya buti ya gari iliyofungwa. Kampuni nyingi za kuhamisha hukataa kuubeba, na hawakosei. Ukishaufunga kule, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, panavuja. Yule atakayekuambia apitishe njiti ya kiberiti ili ahakikishe, mtoe nje kwanza, mzungumze baadaye. Mpira uliopasuka au kukakamaa usihame nao.

Televisheni isafiri imesimama, hata kama safari ni ya dakika kumi. Kioo chake ni chembamba na ni kipana. Kikilazwa, katikati hakina kinachokishikilia, kila tikisiko linakikunja kidogo. Piga picha ya nyaya za nyuma kabla ya kuchomoa chochote. Skrubu za mguu wake zitie kwenye mfuko mdogo, uandike ni za nini. Mikrowevu toa sahani ya kioo, basi. Kompyuta, nakili kazi zako mahali pengine usiku uliotangulia. Betri za lithiamu, zile za simu na za kuchajia, ukae nazo mwenyewe badala ya kuziacha ndani ya lori lenye joto. Betri ya inveta ina asidi, nayo isimame wima, vichwa vyake vimefunikwa visigusane na chuma. Jenereta, kausha petroli yote; chombo chenye mafuta ya kuwaka hakipandi gari moja na magodoro. Rangi na dawa kali za kusafishia, gawia majirani.

Nimeacha mwisho vile vitatu ambavyo hukuviuliza, nami navijua kwa kuwa nimekaa sebuleni kwako.

Cherehani ya mama. Toa sindano, toa uzi wa juu na bobini, kunja kipande cha kitambaa kizito ukiweke chini ya kile kimguu kinachokandamiza nguo, kisha ukishushe. Hapo meno ya chini na kimguu havitasagana njiani. Vua mkanda wa gurudumu, kichwa kitenganishwe na meza. Ile miguu yake yenye nakshi ni chuma cha kusubu. Kwa macho ni imara, lakini ikiangushwa haikunjiki, hupasuka, na kuichomelea ni kazi isiyowezwa na kila fundi. Wabebaji watashika gurudumu kwa sababu ndilo linaloshikika. Waonyeshe pa kushika kabla hawajainua.

Saa ya ukutani: kile kishaufu kinachobembea kitolewe, kifungwe peke yake. Ukiacha kibembee ndani ya gari, utavunja ule utepe mwembamba wa chuma unaokishikilia. Ukishaitundika, sikiliza mlio wake. Mapigo yakiwa hayalingani, moja refu na moja fupi, saa haijanyooka ukutani. Isogeze kidogo kidogo mpaka yalingane.

Na samaki wa mwanangu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 kabla hujahesabu kioo na mchanga. Halibebwi na maji, hata nusu, kwa sababu kioo kitajipinda na maungio yataachia. Samaki wasipewe chakula siku moja kabla, kisha wasafiri kwenye maji yao wenyewe. Lakini cha thamani zaidi humo ni kile kisponji cha kichujio, kichafu cha kutia kinyaa. Humo wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia inayotokana na kinyesi cha samaki, ambayo ni sumu kwao. Usikioshe kwa maji ya bomba, klorini itawaua. Kiweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, wazi, kipate hewa. Kule uendako tangi litengenezwe kwanza, hata kabla ya vitanda. Mwambie mwanangu kazi hiyo ni yake, ataifanya vizuri kuliko sisi.

Jambo moja tena kabla sijasahau: pima milango ya kule, na kona ya ngazi, kisha pima friji na kabati. Usiamini macho.

Nitumie picha ya mgongo wa mashine ya kufulia, karibu na kibandiko, nikuambie bolti ni ngapi na spana namba ngapi. Na kama Alhamisi una nafasi jioni, nitapita tuizime hiyo friji pamoja. Mwambie shemeji asihangaike kupika, jiko litakuwa limeshafungwa.

Wasalimie wote.

Ndugu yako, fundi