Vijana wa bodaboda wafunzwe ndovu wa Chakama, si dubu wa simuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo linalowahusu vijana wetu wa bodaboda wa Malindi, Kakoneni, Langobaya na Chakama, pamoja na wenzao wanaopita Garsen na Witu wakielekea Mokowe. Kwa majuma kadhaa sasa, kwenye steji ninapobarizi jioni, simu hupokezanwa zikionyesha waendesha pikipiki wa Marekani na Kanada wakikutana na dubu barabarani. Dubu hutoka msituni, husimama kwa miguu miwili, mwendeshaji hupiga honi na kumfokea, naye hurudi alikotoka. Vijana hucheka sana, na juzi mmoja wao akaapa kwamba ndovu akimtokea njia ya Sala, lango la Hifadhi ya Tsavo Mashariki, atamfanyia vivyo hivyo. Kicheko changu kilikomea hapo.

Dubu hayuko huku kwetu, wala hayuko popote kusini mwa Sahara. Lakini hata huko kwao, watu wanaoishi naye hawamfanyii mzaha huo. Katika Hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1872, kanuni inamtaka kila mgeni akae umbali usiopungua mita 91 kutoka kwa dubu. Anaposimama wima, mara nyingi anataka tu kuona vizuri na kunusa kilicho mbele yake, na akiamua kukimbia huweza kufikia kilomita 50 kwa saa na kuzidi, kwa hiyo mtu aliyesimamisha pikipiki ili apige picha hana muda wa kuiwasha tena. Isitoshe, video zinazotufikia ni za waliosalimika. Yule ambaye hakurudi nyumbani na simu yake hatumwoni.

Niliendesha boda kwa miaka kumi na minne kabla ya kuacha kwa sababu ya mgongo. Chuo kilichonifunza, ambacho sitakitaja, kilinieleza kwa kirefu habari za kivuko cha pundamilia, ila hakikunieleza neno moja juu ya pundamilia mwenyewe, wala nyati, wala ndovu. Nilivyojifunza, nilijifunza kwa hofu. Jioni moja, magharibi imeshaingia, nilikuwa nimempakia mama mmoja wa makamo na gunia lake la unga, tukitoka Langobaya kuelekea ndani. Taa yangu ilikuwa hafifu. Mbele yetu niliona mashina manne ya miti katikati ya njia, nikajiuliza ni nani aliyeyapanda pale, na kabla sijamaliza kujiuliza, mashina yakasogea. Nilikanyaga breki, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, tukasimama kwa upande upande. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye honi. Yule mama akanishika bega akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, usipige honi, hao wana mtoto. Geuza polepole turudi.” Nikamjibu, “Sawa mama,” nikageuza. Tulirudi hadi kwenye nyumba za watu tukangoja mpaka kundi lilipokwisha kuvuka. Mama huyo hakuwa na leseni ya chombo chochote.

Naeleza kisa hiki kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa tunalolifanya. La kwanza ni mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hula takribani mita 17 kila sekunde, na mtu aliyeshtuka huchukua sekunde moja au moja na nusu kabla mkono wake haujafika kwenye breki, maana yake ni kwamba mita 25 zinaweza kupotea kabla chombo hakijaanza hata kupunguza kasi. Taa hafifu haimuliki mbali sana zaidi ya hapo. Mwendeshaji wa namna hiyo anakwenda kwa kasi inayopita macho yake, na kwenye muramu au mchanga hali huwa mbaya zaidi. La pili ni saa. Wanyama wengi hutembea alfajiri na magharibi, nyakati zile zile ambapo boda hupata abiria wengi. Wakati wa kiangazi ndovu huufuata mto, huo unaoitwa Galana ndani ya Tsavo Mashariki na Sabaki ukifika kwetu, na njia ya Malindi hadi lango la Sala, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, inafuatana na mto huo kwa sehemu kubwa. Mnyama anakwenda kunywa, binadamu anakwenda sokoni, na njia ni moja.

La tatu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kudhani kwamba dawa ya mnyama mmoja ni dawa ya wote. Ndovu mwenye mtoto akipigiwa honi huweza kukukimbilia badala ya kukukimbia, na mbio zake hufikia kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao pikipiki yenye watu wawili na gunia haiufikii upesi ikiwa imesimama mchangani. Kiboko ni habari nyingine kabisa. Wenzetu wa Garsen kando ya Mto Tana, na wa Mpeketoni karibu na Ziwa Kenyatta, wanajua kwamba hutoka usiku kula majani na kurudi majini kabla ya jua kupanda, na kwamba hatari kubwa ni kujikuta katikati yake na maji. Nyati wa upande wa Witu na Hindi, kule Lamu, akiwa peke yake ni wa kuogopwa kuliko akiwa kundini. Ngiri huvuka kwa mstari, mama mbele na watoto nyuma, hivyo akipita mmoja usikaze mwendo ukidhani barabara ni yako. Nyani wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tumewaharibu wenyewe kwa kuwatupia ndizi madirishani, na sasa kila gari likipunguza mwendo wao hushuka barabarani kudai haki yao, bila kujali pikipiki iliyo nyuma ya gari hilo. Ng'ombe na punda sitawazungumzia, kwa maana hao wana wenyewe, na wenyewe wanasoma gazeti hili.

Ombi langu ni dogo. Kanada, kwenye barabara kuu inayopita Hifadhi ya Banff, wamejenga madaraja ya wanyama juu ya barabara na vivuko chini yake, pamoja na ua kando kando, na ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hapa Kenya tuna kivuko cha ndovu chini ya barabara upande wa Mlima Kenya, nao wamekuwa wakikitumia tangu mwaka 2011. Siombi daraja, kwa sababu najua nitajibiwa kwamba fedha hakuna. Naomba vibao vinavyoonekana usiku, viwekwe mahali ambapo wanyama huvuka kweli, jambo ambalo wenyeji wanaweza kulionyesha kwa kidole. Naomba pia kwamba mtu anayetafuta leseni ya pikipiki katika kaunti za Kilifi, Tana River na Lamu afundishwe na askari wa wanyamapori kwa nusu siku, azisikie tabia za wanyama hawa kutoka kwa watu wanaoshinda nao, badala ya kuzisikia kwangu steji au kuziona simuni.

Kuna na hili la fidia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imetaja shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa humo, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine. Madai hupitia kwenye kamati ya kaunti, na bila ripoti kamati haina cha kujadili. Vijana wengi wakiangushwa na mnyama huokota pikipiki, hufunga kidonda kwa kitambaa na kwenda nyumbani, kwa sababu wanaogopa kuulizwa leseni, bima na kofia ngumu. Maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wangefika kwenye steji zetu siku moja ya juma, saa za mchana ambapo kazi imepoa, wakawaeleza vijana hatua kwa hatua namna ya kuripoti, nami nipo tayari kuwakusanya wenzangu na kutafuta viti. Kibao cha kwanza, kama ushauri wangu unatakiwa, kiwekwe baada ya Langobaya, pale ambapo kinyesi cha ndovu hakikauki barabarani tangu kiangazi kianze.

Mwendeshaji wa zamani wa bodaboda,
Malindi